Sura ya Sita: Namba Uliyoiacha Nakivale

Siku nilipoipigia namba yangu ya zamani, ilipokelewa na mwanamume mwenye sauti ya mtu aliye juu ya pikipiki.

"Ndiyo, nnyabo."

Nikamwambia namba hiyo zamani ilikuwa yangu. Akanyamaza. Nikasikia injini ikizimwa.

"Kumbe ni wewe mwenye deni la cherehani?"

Alikuwa mwendesha boda wa Ibanda. Alinunua laini kibandani kama watu wote wanavyonunua, wala hakujua kwamba laini inayouzwa kama mpya huweza kuwa na mwenyewe aliyeitangulia: isipotumika muda mrefu, kampuni huichukua na kuirudisha sokoni. Miezi minne mfululizo alikuwa akipokea ujumbe wenye jina langu, akikumbushwa salio la shilingi 14,000. Mwanzoni aliwajibu kwa adabu. Mara ya tatu akawapigia mwenyewe, kwa pesa yake. "Nikawaambia, jamani, mimi siye huyo mama. Wakasema sawa, basi ukimwona mwambie."

Sikuwa nimekimbia deni. Nilikuwa nimehama tu, kutoka Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenda Kakoba, Mbarara mjini, safari isiyomaliza asubuhi. Tulipakia magodoro, masufuria, begi la vyeti vya watoto, na juu kabisa cherehani imefungwa kwa shuka kama mgonjwa. Rejesho la mwisho la mkopo wa cherehani hiyo nilimwachia jirani anilipie. Alilipa, Mungu ambariki, ila alilipa siku mbili baada ya tarehe, na siku mbili zile zikazaa adhabu. Laini yangu ya Nakivale haikushika mtandao vizuri pale nilipopanga Kakoba, nikanunua nyingine, ile ya zamani nikaitia kwenye droo pamoja na vifungo na sindano zilizovunjika. Watu wangu wote niliwapa namba mpya. Mkopeshaji sikumkumbuka, kwa sababu moyoni nilishamalizana naye.

Miezi mingi baadaye niliomba mkopo mwingine Mbarara. Kijana aliyekuwa akinihudumia aligonga vitufe, akatazama skrini, akatazama kitambulisho changu, akarudi kwenye skrini.

"Mama, kuna mahali unadaiwa."

"Mwanangu, sidaiwi hata nyanya sokoni."

"CRB ndiyo inasema hivyo, Mama."

Akaigeuza skrini kidogo upande wangu, huruma ambayo nadhani taratibu zao haziiruhusu. Nikaona jina langu, mkopo wa cherehani, na neno la kuchelewa. Chini yake, mahali pa simu, palikuwa na namba iliyolala kwenye droo. Usiku ule ndipo nilipoipigia, nikampata mtu wa Ibanda.

*

Wakenya ndio waliolifanya neno CRB kuwa la mtaani. Nairobi mtu "amewekwa CRB" kama vile kijijini mtu alivyowekwa midomoni mwa watu. Ni kampuni za kutunza kumbukumbu za mikopo: benki na wakopeshaji wengine hupeleka huko habari za kila mteja, nani amekopa, kiasi gani, analipaje, na kabla ya kumkopesha mtu mpya huchungulia huko kwanza. Wengi hudhani ni orodha ya wabaya. Humo mna walipaji wazuri pia, na kwa mtu asiye na shamba wala nyumba ya kuweka dhamana, kuandikwa vizuri humo ndiyo hati pekee ya uaminifu anayoweza kuionyesha kwa mgeni. Nitasema jambo dogo la wivu: Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliamua kuwa deni lisilofika shilingi 1,000 za kwao lisimharibie mtu jina huko. Shilingi zangu 14,000 za Uganda ziko chini sana ya kiwango hicho. Ningekuwa mkimbizi wa Kakuma, Kenya, badala ya Nakivale, sura hii isingekuwepo.

Uganda ilitunga kanuni za CRB mwaka 2005, na kampuni ya kwanza, Compuscan ya Afrika Kusini, ikaanza kazi Desemba 2008. Kumbuka hali ya nchi wakati huo. Kitambulisho cha taifa hakikuwepo. Uandikishaji wa watu wote ulikuja kuanza 2014. Mitaa mingi haikuwa na majina, nyumba nyingi hazikuwa na namba, na akina Mugisha walikuwa wengi kama ndizi. Utamjuaje huyu ni yule aliyekopa mwaka jana benki nyingine? Jibu lilikuwa kidole. Mkopaji alichukuliwa alama za vidole, akapewa kadi maalumu ya wakopaji, na namba ya kadi ile ikawa uzi wa kuunganisha mikopo yake yote.

Nayaeleza haya kwa sababu vitabu vingi vya ushauri wa pesa vinavyoingia kwetu vimeandikwa Ulaya na Marekani, na huko ukihama unaambiwa kwanza kabisa ubadilishe anwani. Anwani huko ni mlango wenye namba, na postamani anaujua. Hapa kwetu mlolongo wa kukujua ni mwingine: kwanza namba ya kitambulisho, halafu simu, halafu jina, halafu tarehe ya kuzaliwa, na mahali unapolala hufuata mwisho. Anayehama Nakivale akabadilisha kijiji lakini akabaki na laini yake, kwa mkopeshaji hajahama. Anayekaa kitanda kilekile akabadilisha laini, ametoweka.

Mwulize mtu wa Nakivale anakaa wapi. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1958, wengi wa wakazi wa mwanzo wakiwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na leo yana watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea. Yamegawanywa kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na kila kanda ina vijiji vyake. Lakini mtu hatakwambia hivyo. Atakwambia pita bomba la maji, ukifika kwa Msomali anayeuza sukari kata kushoto, nyumba ya tatu yenye turubai. Turubai likibadilishwa bati, anwani imekufa. Fomu yangu ya mkopo wa cherehani ilisema "Base Camp, nyuma ya kanisa, Mbarara." Makanisa ya Base Camp mtu hawezi kuyahesabu kwa vidole vya mikono miwili. Na hilo "Mbarara" lilitoka wapi, wakati Nakivale iko wilaya ya Isingiro? Mpaka katikati ya miaka ya 2000 Isingiro ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, na karatasi za watu waliofika zamani bado zinasema hivyo. Afisa alinakili kutoka karatasi ya zamani. Kwa hiyo kwenye rekodi, miaka yote niliyokaa Nakivale nilikuwa mtu wa Mbarara, na siku nilipohamia Mbarara kweli hakuna aliyejua.

Mbarara yenyewe nayo ilihama bila kusogea. Julai 2020 ilipandishwa kutoka manispaa kuwa jiji, likagawanywa Kaskazini na Kusini, na mtu aliyekaa chumba kimoja miaka ishirini akajikuta na mstari mwingine wa kuandika kwenye fomu.

*

Kosa la anwani peke yake, niseme wazi, halimharibii mtu sifa ya kulipa. Hakuna mkopeshaji anayekukataa kwa kuwa rekodi inasema Juru nawe unalala Kakoba. Madhara yake huja kwa mlango wa nyuma: kumbusho halikufiki, adhabu inakua, na siku moja kuna neno la kuchelewa mbele ya jina lako. Kosa la simu hufanya vivyo hivyo, tena upesi zaidi.

Na kwa mkimbizi, simu ina historia yake chungu. Kwa miaka mingi kusajili laini kwa karatasi za mkimbizi kulikuwa tabu tupu. Ni Agosti 2019 ndipo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu wakimbizi wasajili laini kwa cheti cha familia kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, hata kama kitambulisho chenyewe hakijatoka. Kabla ya hapo watu walifanya walichoweza. Ulimtafuta Mnyankole mwema, mwenyeji wa huku, mwenye duka au mwenye shamba unalolima, akasajili laini kwa jina lake, nawe ukaitumia. Hakukuwa na hila ndani yake. Kilikuwa kitendo cha ujirani, kama kuazimana chumvi.

Lakini mwaka 2016 MTN na Commercial Bank of Africa walipozindua MoKash, mikopo midogo ya simu, chumvi ile iliyoazimwa ikaanza kufanya mambo. Mkimbizi alikopa kwenye simu yake, akalipa vizuri, akakopa kikubwa zaidi, akalipa. Sifa yote ile ikaenda kwa Mnyankole. Au alikopa, akahamia mbali, laini ikapotea njiani, na Mnyankole yule alipokwenda benki kuomba pesa za kununulia ng'ombe akaambiwa anadaiwa. Nimewasikia watu wa pande zote mbili wakilalamika, na wote wana haki. Kama bado una laini ya namna hiyo, usihame nayo kabla hujaisajili upya kwa jina lako. Na kama wewe ndiye Mnyankole mwema, nenda kaulize ni laini ngapi zinazoishi kwa jina lako.

Jina lenyewe nalo ni msitu. Fomu zetu zina nafasi mbili, jina la ukoo na jina la kupewa, kana kwamba dunia nzima ndivyo inavyoitana. Warundi na Wanyarwanda wengi hawana jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, na ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi. Mkongo ana jina lake, jina la nyongeza la babu, na jina la ubatizo lililoandikwa Kifaransa. Karani wa Nakivale akisikia Jean huandika John, Chantal huwa Shantal, na Msomali mmoja anaweza kuwa Mohamed, Muhamed na Maxamed kwenye karatasi tatu za wiki moja. Unapohama na kujiandikisha mahali papya, karani mpya huanza upya masikioni mwake. Mimi jina langu la kwanza na la pili yalibadilishana viti Mbarara, nami nikaacha yakae hivyo kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nilijutia.

Halafu kuna siku ya kuzaliwa. Pita ofisi yoyote inayohudumia wakimbizi uulize ni wangapi walizaliwa tarehe 1 Januari. Mtu aliyezaliwa kijijini, ambaye mama yake anakumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yakichomwa, hukadiriwa mwaka, na siku na mwezi hujazwa mwanzo wa mwaka. Uhakiki mkubwa wa wakimbizi wa mwaka 2018, uliofanywa kwa alama za vidole na mboni za macho baada ya kashfa ya idadi zilizotiwa chumvi, ulisafisha mengi, lakini haungeweza kumrudisha mtu siku aliyozaliwa. Sasa weka pamoja: Amani wawili, Wakongo, namba ya kitambulisho iliyokosewa tarakimu moja, wote wamezaliwa 1 Januari. Hapo ndipo deni la mtu humwingia mwingine, na hapo anwani, yule mnyonge wa mwisho kwenye mlolongo, hugeuka kuwa shahidi pekee anayeweza kuwatenganisha.

*

Kuna benki moja isiyokosea anwani. Wakongo wanaiita likelemba, Wasomali ayuuto, Watanzania wangesema upatu. Watu kumi wanachanga kila wiki, mmoja anabeba. Ukihama kabla hujamaliza mzunguko, hata ukienda Arua watakupata, kwa sababu kuna shangazi wa mtu kila mahali. Kumbukumbu yake haina skrini na haikosei jina. Ubaya wake ni kwamba haisomeki kwa mgeni: sifa niliyoijenga miaka sita kwenye likelemba ya Base Camp haikunisaidia lolote mbele ya yule kijana wa Mbarara.

Kati ya likelemba na benki, Nakivale ina ngazi za katikati. MOBAN SACCO ilianzishwa na wakimbizi wenyewe. UGAFODE, taasisi ya mikopo midogo iliyo chini ya Benki Kuu, ilifungua tawi ndani ya makazi Machi 2020, mwezi uleule ambao Uganda ilifunga mipaka na usafiri kwa ajili ya korona. (Mimi sikukopa kwa hawa wala kwa hao; mkopeshaji wangu simtaji, maana alinikosea kwa uzembe ambao ungeweza kuwa wa yeyote.) Tofauti ya ngazi hizi inamhusu anayehama. Benki na taasisi zilizo chini ya Benki Kuu ni lazima zipeleke habari CRB. Vyama vya akiba na wakopeshaji wadogo walifunguliwa mlango kwa sheria ya 2016, na kanuni za 2022 zikauweka sawa, lakini si kila mmoja ameingia. Kwa hiyo kabla ya kuondoka muulize afisa wako swali moja la wazi: habari zangu mnazipeleka CRB au hamzipeleki? Akisema wanapeleka, mpe namba mpya siku hiyohiyo, umwone akiiandika.

Kuona akiiandika ndio ushauri wangu wenye uzito kuliko wote, na nitaueleza. Nilidhani kuna daftari moja. Niliporudi Nakivale kufuatilia shilingi zangu 14,000, niligundua ofisi ile ndogo ina madaftari matatu yasiyosalimiana. Fomu ya karatasi iko kwenye faili la bluu. Mfumo wa kompyuta unaohesabu mikopo una namba yake ya simu. Na kuna orodha ya kutumia ujumbe kwa pamoja, inayotunzwa na mtu mwingine kabisa. Ukimwambia afisa "nimebadilisha namba," akaandika kwa kalamu kwenye faili la bluu, umebadilisha daftari moja kati ya matatu, na hilo moja ndilo ambalo CRB hailisomi kamwe.

*

Nilivyorekebisha, basi. Nilianza kwa karatasi za makazi, na hizi zilinipa shida kuliko deni. Mbarara nimepanga muzigo, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba sita vyenye ua mmoja. Umeme ni wa Yaka, unanunua kabla ya kutumia, na mita ina jina la mwenye nyumba. Maji ni ya shirika la taifa, ankara ina jina la mwenye nyumba. Mpangaji wa muzigo anaweza kukaa miaka kumi mjini bila karatasi hata moja kumtaja. Kilichobaki ni mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa.

Mzee wetu wa LC ana ofisi yake chini ya mwembe na mhuri mfukoni mwa koti. Alinitazama juu ya miwani.

"Unatoka kambini?"

"Ndiyo, Mzee. Mwaka wa pili sasa niko hapa."

"Mwaka wa pili, na leo ndiyo unakuja kunisalimia?"

Nikaomba radhi. Akaniandikia barua, akaigonga mhuri, akaisoma tena kwa sauti kuhakikisha jina langu. Ni mtu pekee katika habari hii yote aliyeniuliza linavyoandikwa.

Swali likaja: niandike wapi, Kakoba au Nakivale? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaniruhusu kutembea na kufanya kazi nchini, lakini mgawo na uandikishaji wangu vimebaki makazini, na wengi wetu tuna mguu mmoja kule na mmoja huku. Baadhi huficha Mbarara wakiogopa kufutwa mgawo. Baadhi huficha Nakivale wakidhani benki haimpendi mkimbizi. Naona kuficha ndiko kunakozaa rekodi mbili za mtu mmoja. Niliandika zote mbili, makazi ya kuandikishwa na mahali ninapolala, na fomu ilipokuwa na mstari mmoja tu niliandika kwa herufi ndogo mpaka pembeni.

Kisha nikarudi kwa mkopeshaji. CRB haitengenezi habari; inapokea. Ukienda kwao kwanza watakuambia warudie waliotuletea, na ni kweli. Nilibeba risiti ya jirani, barua ya LC, kitambulisho, na barua yangu niliyoiandika kwa mkono katika nakala mbili. Nilitaja mambo matatu humo: salio limelipwa leo, namba ya simu ni hii, majina yangu yanapangwa hivi. Nakala moja wakaichukua, ya pili nikawaomba waigonge mhuri na tarehe. Yule wa kaunta hakutaka. Nikamwambia, kwa upole, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kutaka habari zangu zisahihishwe, na miongozo ya Benki Kuu ya 2011 inawataka washughulikie malalamiko ya wateja. Sijui kama aliiamini sheria au alichoka na mimi. Mhuri ulipatikana.

Zile 14,000 nilizilipa. Ningeweza kubishana kwamba adhabu haikuwa ya haki, na rafiki zangu wawili walinishauri hivyo. Lakini safari moja ya Nakivale kwenda na kurudi ilishanigharimu zaidi ya hapo.

*

Wapo waliohama mbali zaidi ya Mbarara. Mpaka mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulipositishwa Januari 2025, kila mara kulikuwa na familia ya Nakivale inayouza vyombo vyake ili ipande ndege. Na ndege yenyewe ilikuwa mkopo: kabla ya kuondoka mtu mzima alitia saini ahadi ya kulipa nauli kwa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, bila riba, akianza miezi michache baada ya kufika. Malipo hayo huripotiwa kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo za kule, kwa hiyo kwa wengi nauli ndiyo mstari wa kwanza kabisa wa historia yao Marekani.

Sasa fikiria nyumba ya kwanza. Shirika la mapokezi limekutafutia, kodi ni kubwa, na kabla mwaka haujaisha umehamia kwa binamu au mji wenye kiwanda. Ankara ya nauli inaendelea kwenda kwenye mlango wa kwanza. Posta ya Marekani ukiiarifu itakusogezea barua kwa mwaka mmoja, lakini haimwambii mkopeshaji wala CRB zao tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Hao unawaambia mwenyewe, kupitia kwa anayekudai. Sheria yao ya 1970 inampa mtu haki ya kupinga kosa, na kwa kawaida lazima lichunguzwe ndani ya siku 30. Majina yetu yanawasumbua vilevile, na zaidi kuna tarehe: wao wanaanza na mwezi, na mtu wa 3 Julai huwa wa 7 Machi kwa kalamu moja. Hapo hata mimi huona faida ya kuzaliwa 1 Januari.

Cha ajabu ni kwamba Experian hiyohiyo iliinunua Compuscan mwaka 2019. Ungetarajia faili la Mbarara limsubiri mtu uwanja wa ndege. Halimsubiri. Mtu aliyerejesha mikopo mitano ya Nakivale bila kuchelewa siku moja anatua akiwa mweupe kabisa, sawa na kijana aliyemaliza shule jana.

*

Wiki kadhaa baada ya safari yangu ya Nakivale niliomba nakala ya taarifa yangu CRB. Deni: sifuri. Simu: ile mpya, tarakimu zote kumi nilizihesabu kwa kidole. Majina yamekaa viti vyake. Anwani: Base Camp, nyuma ya kanisa, Mbarara. Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuuliza.

Jioni nikampigia mtu wa Ibanda kumshukuru, maana bila yeye nisingejua makumbusho yangu yalikuwa yakienda wapi.

"Wameacha kukusumbua?"

"Deni wameacha, nnyabo. Lakini juzi wamenitumia ujumbe mwingine. Wanasema mimi ni mteja mzuri sana, niende nichukue mkopo mkubwa kuliko ule wa cherehani."

Ile orodha ya ujumbe. Daftari la tatu.

"Nawe umewajibuje?"

"Bado nafikiria," akasema, nikasikia pikipiki ikiwaka.